Stuart hadi Danville: Barabara Moja, Timu Mbili

Huenda mashindano ya magari unayafahamu kwa jina moja tu, Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kukatisha Kenya, Uganda na Tanganyika katika vumbi na matope. Leo nakuomba tufuatane kwenye mashindano ya namna nyingine, ambayo gari haliendi popote. Huzunguka uwanja mmoja, mara mia mbili au mara mia tano, na jioni likaishia pale pale lilipoanzia asubuhi. Usicheke. Katika majimbo ya kusini ya Marekani mchezo huu unapendwa kama sisi tunavyozipenda Simba na Yanga, na kila timu ina historia yake na wazee wa kuisimulia.

Tutaifuata barabara ya namba 58, kusini kabisa mwa jimbo la Virginia, kutoka mji wa Stuart ulio chini ya milima ya Blue Ridge, kuelekea mashariki hadi Danville. Ni mwendo wa kilomita kama 95 hivi. Ungekuwa umetoka Dar es Salaam, usingekuwa umefika Chalinze.

Stuart ni mji mdogo wenye wakazi wapatao 1,400. Umepewa jina la jenerali wa wapanda farasi aliyepigania upande wa majimbo yaliyojitenga ili kuuhifadhi utumwa, katika vita vya mwaka 1861 hadi 1865. Liweke jambo hilo akilini, maana tutalihitaji mbele ya safari.

Hapa ndipo lilipo chimbuko la timu ya Wood Brothers, yaani ndugu wa ukoo wa Wood, wana watano wa fundi na mkulima Walter Wood: Glen, Leonard, Delano, Clay na Ray Lee. Glen, aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa mtu wa magogo na mbao. Mwaka 1950 yeye na rafiki yake walipata gari kuukuu, Ford la mwaka 1938, wakaliingiza mashindanoni. Siku ya kwanza liligongwa. Walipokuwa wakilikokota kurudi nyumbani ekseli ikavunjika, petroli ikamwagika, gari likashika moto njiani. Wapo ambao wangerudi kwenye msumeno na kusema mchezo huu si wangu. Glen akarudi uwanjani, na timu aliyoianzisha siku hizo haijavunjika hata leo. Hakuna timu nyingine katika mchezo huu iliyoendelea muda mrefu kama hiyo bila kukatika.

Magari ya mashindano hayo yana umbo la magari ya kawaida, yale unayoyaona barabarani. Hapo mwanzo yalikuwa ya kawaida kweli kweli, tena wengi wa madereva wa awali waliupata ujuzi wao kwa kusafirisha gongo usiku na kuwakimbia polisi katika kona za milimani. NASCAR, chombo kinachosimamia mashindano hayo, kiliundwa mwaka 1948.

Sasa nikueleze kilichowapa ndugu hao sifa, kwa kuwa wengi hudhani mashindano hushindwa na dereva peke yake. Gari likikimbia maili 500 ni lazima lisimame kando ya njia mara kadhaa, litiwe petroli na kubadilishwa tairi. Zamani gari lilisimama, fundi akachukua spana na jeki yake, akafanya kazi kama afanyavyo fundi yeyote wa gereji mwenye heshima zake, na dereva akapata hata nafasi ya kupumua. Leonard Wood, ambaye utotoni alijitengenezea kigari chenye injini ya mashine ya kufulia, aliona kuwa sekunde zinazopotea hapo ni sawa na zile zinazotafutwa kwa jasho uwanjani. Kumpita mtu kwa mwendo wa kasi ni kazi ya hatari. Kumpita akiwa amesimama hakuna hatari yoyote. Basi wakaanza kufanya mazoezi. Jeki ikapunguzwa uzito, ikafanywa inyanyue gari kwa mapigo machache. Kila mtu akawa na kazi moja na njia moja ya kulizunguka gari, asigongane na mwenzake. Delano alikuwa wa jeki. Nao hawakuwa mabwana wa mishahara minono: wengi walikuwa na ajira zao za mchana, na gari walilishughulikia usiku.

Mwaka 1963, siku chache kabla ya mashindano makubwa ya Daytona 500 huko Florida, dereva wao Marvin Panch alipinduka akijaribu gari jingine, likawaka moto naye akiwa ndani. Miongoni mwa waliokimbilia kumvuta alikuwamo dereva mmoja mwenye mwili mkubwa aitwaye Tiny Lund, ambaye hakuwa na gari la kuendesha. Panch, akiwa kitandani hospitalini, aliwaomba ndugu wa Wood wampe Lund gari lake. Wakampa. Lund alisimama kujaza petroli mara moja pungufu kuliko wapinzani wake, akashinda.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1965, waliitwa Indianapolis, kwenye mashindano ya magari ya namna nyingine kabisa, kumhudumia Jim Clark wa Scotland. Watu wa kule waliwatazama vijana hao wa milimani kwa mashaka. Clark alisimama mara mbili tu, na mara zote mbili kwa jumla hazikufika sekunde 45. Alishinda kwa mwendo wa wastani uliozidi maili 150 kwa saa, jambo ambalo halikuwa limefanyika pale kabla ya hapo.

Kisha akaja David Pearson, aliyewaendeshea gari namba 21 kuanzia mwaka 1972 hadi 1979, akawapatia ushindi mara 43. Mwaka 1973 peke yake aliingia mashindanoni mara 18 na kushinda mara 11. Lakini kinachosimuliwa zaidi ni Daytona ya 1976. Katika kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho yeye na Richard Petty waligongana, magari yote mawili yakajibamiza ukutani. La Petty likazimika mita chache tu kabla ya mstari. Pearson alikuwa amekanyaga klachi injini isizime. Akatia gia, akalikokota gari lililopondeka mithili ya bajaji mlimani, akavuka mstari wa kwanza.

Yaliyofuata hayana haja ya kusimuliwa kwa urefu. Gharama zilipanda, timu zenye mamia ya wafanyakazi zikazaliwa, na kuanzia mwaka 2009 hadi 2015 ndugu wa Wood hawakumudu kushiriki mashindano yote ya mwaka. Hata hivyo mwaka 2011 kijana Trevor Bayne, aliyetimiza miaka 20 siku moja tu kabla, aliwashindia Daytona 500. Glen alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 93, timu ikiwa na ushindi 99. Ule wa mia moja ulipatikana Daytona, Agosti 2024, mikononi mwa Harrison Burton, kijana ambaye alikwisha kutangaziwa kuwa mwakani nafasi yake atapewa mwingine! Magari yao sasa hutengenezwa North Carolina, bali mjini Stuart ipo nyumba ya makumbusho yao, na mgeni huonyeshwa magari ya zamani.

Tuondoke. Katikati ya njia utapita Martinsville. Uwanja wake, ulio jirani mahali paitwapo Ridgeway, ulifunguliwa mwaka 1947, hivyo ni mkubwa kwa umri kuliko NASCAR yenyewe. Tangu mwaka 1964 mshindi wa hapo hupewa saa ndefu ya kusimama sebuleni.

Danville ulikuwa mji wa tumbaku na viwanda vya nguo. Viwanda hivyo vimefungwa, na wazee waliofanya kazi Urafiki watajua mji wa namna hiyo ulivyo. Hapa pia ndipo Jefferson Davis, rais wa majimbo yale yaliyojitenga, alipokimbilia Aprili 1865, na serikali yake ikaishi siku zake za mwisho. Katika mji huo alizaliwa mwaka 1921 Wendell Scott, Mmarekani mweusi, fundi wa magari ya jeshi katika Vita Kuu ya Pili, kisha dereva wa teksi, na, tusifiche, msafirishaji wa gongo.

Mwaka 1952 waandaaji wa mashindano ya Danville walitaka dereva mweusi ili wavute watazamaji. Waliwauliza polisi ni nani mwenye mbio, wakatajiwa Scott. Alishiriki. Muda si mrefu akalikokota gari lake hadi Winston-Salem kwenye mashindano ya NASCAR. Akaambiwa weusi hawaruhusiwi, akarudi. Katika mji huo huo Glen Wood alipata ushindi wake wote wanne wa daraja la juu akiwa dereva. Simsemi vibaya Glen. Si yeye aliyeandika sheria za mlangoni.

Scott hakukoma. Timu yake ilikuwa familia yake, na mafundi wake walikuwa wanawe. Tairi na vipuri vyake aghalabu vilikuwa vile ambavyo wengine walikwisha kuvitumia. Mara nyingine ilimbidi ashuke mwenyewe kusaidia gari liliposimama. Tarehe 1 Desemba 1963, mwaka ule ule wa Lund, alishinda mjini Jacksonville, Florida, kwa tofauti ya mizunguko miwili. Bendera ikapepezwa kwa mwingine, Buck Baker, naye ndiye aliyepewa kombe. Saa kadhaa baadaye, watu wakiwa wamekwisha kutawanyika, wasimamizi walikiri kuwa mshindi ni Scott. Mwenyewe aliamini kuwa hawakutaka kumwona mtu mweusi akipigwa busu na mrembo mzungu wa kukabidhi zawadi.

Alishiriki mashindano 495 kwa jumla, na ajali ya Talladega ya mwaka 1973 ilimvunja nyonga na mbavu. Alifariki mwaka 1990. Mweusi mwingine hakushinda katika daraja hilo hadi Oktoba 2021, alipofanya hivyo Bubba Wallace.

Ukifika Danville, uliza barabara yenye jina la Scott. Nyumba yake ilikuwa hapo. Familia ilikabidhiwa kombe la Jacksonville huko Daytona, mwezi Agosti 2021.