Jeneza, Land Rover na maji ya Mombo

Kila mwezi Machi unapoingia na mawingu ya masika yakaanza kuelemea vilele vya Magamba, barua za aina moja huongezeka mezani kwa katibu wa msikiti wetu hapa Lushoto. Huyu anaomba gari la msikiti limpeleke mjamzito hospitali, yule anaomba lipandishe maiti kutoka nyika, mwingine anataka libebe wageni wa maulidi waliokwama Mombo. Sababu inayotajwa ni ile ile: gari dogo haliwezi kupita. Gari letu ni Land Rover 110 ya zamani, iliyowekwa wakfu na muumini mmoja kwa huduma za jamii, na hasa za jeneza. Mara nyingi mwenye kulishika usukani ni mimi, kwa kuwa dereva wetu wa kujitolea ana shamba na familia, na mvua haingoji mtu amalize palizi.

Sifa ya gari hili haikuja bure. Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani mjini Amsterdam mwaka 1948, na ingawa uundaji wa mtindo ule wa kale ulisimamishwa Januari 2016, wazee wetu bado hulitaja kama wanavyomtaja punda hodari. Wameliona likipanda njia za udongo za Mlalo na Mtae wakati magari mengine yamelala mtaroni. Kutokana na hayo imejengeka imani, hata kwa watu wenye elimu, kwamba kilichoweza tope kitaweza na maji.

Tope na maji ni mitihani miwili tofauti. Tope humshika mtu, na dawa ya kushikwa ni nguvu: magurudumu yote manne yavute, gia iwe nzito, mguu uwe mtulivu. Maji huinua, na chombo kilichoinuliwa hakina pa kukanyaga. Hesabu yake ni ya darasani. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Gari lenye urefu wa mita 4.5 na upana wa mita 1.8, maji yakishapita sakafu yake kwa sentimita 10 na yasiingie ndani, linasukumwa kwenda juu kwa nguvu ya kilo 800 hivi. Yakipita kwa sentimita 25, gari la tani mbili linakuwa jahazi lisilo na tanga wala nahodha. Hata kabla ya kufika huko, matairi yamekwisha kuwa mepesi juu ya lami, na maji yanayokwenda kasi hayahitaji mengi kuyasogeza. Kasi ya mkondo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Magurudumu manne yanayovuta kwa pamoja hayana kauli hapo, kwa kuwa hayana wanachokivuta.

Wengine hutegemea lile bomba refu la kuvutia hewa, lililopandishwa hadi usawa wa paa. Bomba hilo lina faida yake. Maji hayabanwi kama hewa inavyobanwa, kwa hiyo injini ikiyameza, pistoni hugonga kama imegonga jiwe, na mikono yake hupinda. Bomba huizuia balaa hiyo na si nyingine. Watengenezaji wa Land Rover za mtindo wetu walitaja kina cha nusu mita kuwa mpaka wa kupita majini, na waliyapima maji yaliyotulia. Mafundi wetu wa Lushoto wanajua mengine yasiyoandikwa kwenye matangazo: feni ikipiga maji kwa kasi hupinda na kuichana rejeta, difu iliyopata moto ikizamishwa ghafla kwenye maji ya baridi huyanyonya, na siku ya pili ukifungua utakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, breki zilizolowa hazishiki mpaka zikaushwe kwa kukanyagwa kidogo kidogo. Nayaeleza haya kwa kuwa gari ni mali ya wakfu, na mwenye kukabidhiwa wakfu huulizwa hata juu ya difu.

Sisi wa milimani tuna jambo jingine la kutuchanganya. Mji wa Lushoto upo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Mombo, mahali ambapo barabara yetu ya kilomita 30 na ushei inakutana na barabara kuu ya Korogwe na Same, ipo chini yetu kwa karibu mita 1,000. Maji yanayonyesha kwetu hayakai kwetu. Huporomoka na mabonde, hupita Soni, na hufika Mombo yakiwa mekundu kwa udongo wa mashamba ya miteremko, mashamba ambayo tangu enzi ya Waingereza tumeambiwa tuyawekee matuta na tangu mwaka 1981 mradi wa kuhifadhi udongo ulituhimiza tuyapandie miti na majani, nasi tukatekeleza nusu tukaacha nusu. Mtu aliyesimama Mombo anaweza kuwa kwenye jua kabisa, shati lake kavu, na maji yakaongezeka mbele yake. Dereva wa hapo akitazama mtaa tu atadanganyika. Inampasa autazame mlima.

Masika ya mwaka 2024 hayajasahaulika. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko ya msimu ule yalikuwa yamekwisha kuua watu 155 nchini. Wiki mbili kabla, jijini Arusha, gari la wanafunzi lilichukuliwa na maji asubuhi likiwa njiani kwenda shule. Na wenzetu wa Kenya hawajausahau mto Enziu, Mwingi, ambako tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kupita kwenye daraja lililofunikwa na maji, likapinduka watu wakiwa ukingoni wanatazama. Walikufa watu zaidi ya 30. Basi ni zito kuliko Land Rover yetu mara kadhaa.

Siku moja ya masika hayo ya 2024 tulishuka nyika kumchukua marehemu, bibi wa kijiji kimoja cha juu ya Soni aliyefia hospitalini. Alioshwa na kukafiniwa huko huko, jeneza likafungwa vizuri nyuma ya gari, wakapanda wanawe wawili, shemeji yao, shehe wetu na kijana mmoja wa kusaidia. Tulifika Mombo baada ya Alasiri. Kijijini kaburi lilikuwa tayari, na simu zilikuwa haziishi: vijana wanachota maji kaburini kwa ndoo, watu wamesimama mvuani, mpo wapi?

Mombo mvua ilikuwa imekatika. Mama lishe walikuwa wakiwasha upya majiko yao. Lakini kwenye mtaa tuliopaswa kuupita ili kuushika mlima, maji mekundu yalikuwa yakikatiza kwa upana wa hatua arobaini hivi, yakitoka upande mmoja wa nyumba na kuangukia upande wa pili. Fuso moja lilipita mbele yetu, mawimbi yake yakagonga milango ya maduka.

"Katibu, tupite," alisema mwana mkubwa wa marehemu. "Hili si gari dogo. Mama hawezi kulala njiani."

Nilishuka. Kingo za karavati hazikuonekana. Niliazima fimbo ya mzee mmoja nikapima pembezoni tu, ikalowa kupita goti, na katikati kulikuwa na kina zaidi. Nilitupa kipande cha jani la mgomba. Kilikimbia kuliko mtu anayetembea kwa haraka. Kisha nikainua macho. Juu ya Soni wingu lilikuwa jeusi, limekaa, halina dalili ya kwenda popote. Nikarudi kwenye gari nikamwambia shehe kwamba sivuki.

Ndani ya gari palikuwa na ukimya mzito. Shemeji alisema kwamba kwa umri wake wote hajawahi kuona Land Rover ikishindwa na maji ya goti. Ndipo shehe akamgeukia mwana wa marehemu. "Mwanangu, safarini tumefundishwa tuwe na amiri. Tulipotoka asubuhi tulimweka Katibu. Amekwisha sema."

Tulilala Mombo. Waislamu wa pale, Mwenyezi Mungu awalipe, walitupokea msikitini, wakatutengea chumba cha pembeni kwa ajili ya jeneza, na kina mama wakaleta uji na vitumbua bila kuulizwa. Tulisoma Qur'ani kwa zamu usiku kucha. Baada ya Magharibi, Land Cruiser moja yenye abiria ilifika kwenye maji, ikasita, ikaingia, ikatokea ng'ambo. Mwana mkubwa alikuwa amesimama barazani akaiona. "Wale wamepita," aliniambia. Nikasema Alhamdulillah, na sikuwa na neno jingine. Aliingia ndani akakaa karibu na mama yake, mgongo wake kwangu, mpaka alfajiri.

Baada ya swala ya Alfajiri maji yalikuwa yamefika kifundo cha mguu. Barabara ilikuwa nzima. Hapakuwa na lami iliyokatika wala karavati lililobomoka ambalo ningeweza kumwonesha mtu kuwa ni ushahidi. Tulipanda mlima, tukazika kabla ya Adhuhuri. Huenda jioni ile tungevuka.

Wiki iliyofuata kamati ilipokea barua ya malalamiko kutoka kwa familia. Ilikuwa barua ya adabu, na hoja yake ilikuwa nzito: Mtume (s.a.w.) ameamrisha kuharakisha jeneza, na msikiti umelichelewesha kwa hofu ya dereva. Ilijadiliwa kwa saa mbili. Mjumbe mmoja aliunga mkono familia waziwazi, nami namheshimu kwa hilo. Shehe alikumbusha kwamba wanazuoni waliposherehesha amri ile walibainisha kuwa haraka isifikie kiwango cha kuhofiwa madhara kwa maiti wala kwa wanaombeba. Mwingine akasema, kwa nusu ya mzaha, kwamba aliyekufa maji ni shahidi. Ni kweli hadithi sahihi imemtaja mwenye kufa maji miongoni mwa mashahidi. Hiyo ni rehema kwa aliyefikwa. Qur'ani hiyo hiyo inayotuahidi pepo imetukataza, katika Suratul Baqara, tusijitupe kwa mikono yetu kwenye maangamizo.

Mimi niliwakumbusha safari ya Umar bin al-Khattab (r.a.) kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapewa habari kwamba huko mbele kuna tauni. Aliwataka ushauri Muhajirina, kisha Answari, wote wakahitilafiana, kisha wazee wa Kikureshi, ambao kwa kauli moja walisema arudi. Akatangaza kurudi. Abu Ubayda (r.a.), mtu asiyetiliwa shaka katika imani, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, na Umar akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari Yake nyingine. Kila nikiisoma habari hiyo hushangazwa na jambo moja: Umar hakuambiwa kwamba wangekufa hakika. Wangeweza kuingia na kutoka salama. Aliwageuza watu wake wote kwa uwezekano tu, na hadithi ya Mtume (s.a.w.) ya kumuunga mkono aliisikia kwa Abdur-Rahman bin Auf baada ya kuwa amekwisha kuamua.

Kwa upande wangu naona jambo la amri lilikuwa ndilo kiini cha malalamiko yale. Mfiwa hapimi maji. Moyo wake upo kaburini linakojaa, kwenye simu zinazomwita, kwenye aibu ya kuchelewa mbele ya kijiji kizima. Kumwachia yeye uamuzi ni kumtwisha mzigo ambao hata mwenye utulivu unamwelemea, na dereva anayesema "ninyi ndio wenye msiba, amueni" ameikimbia amana.

Kamati iliijibu familia kwa pole na maelezo, na mimi na shehe tukaipeleka barua wenyewe. Tulipokewa vizuri, tukanywa kahawa. Mwana mkubwa alisoma, akaikunja barua, akaiweka mfukoni, akatuuliza habari za mahindi.

Tangu hapo lipo azimio kwenye daftari la kamati. Uamuzi wa kugeuza gari ni wa dereva peke yake, na familia huambiwa hivyo kabla jeneza halijapakiwa, wakati akili zingali zimetulia. Maji yanayokwenda hayaingiwi kwa hali yoyote ikiwa kuna abiria. Maji yaliyosimama huingiwa baada ya mtu kuyatembea kwa miguu, na kwa mwendo wa mtu anayetembea. Msiba wowote wa masika unaopitia Mombo hupangiwa mahali pa kulala kabla ya safari. Fundi wetu alichonga fimbo ya mti wa mkaratusi yenye urefu wa mita moja na nusu na kuipaka mstari mwekundu kwenye nusu mita. Hukaa nyuma ya kiti cha dereva, pamoja na koleo, kamba na turubai la kufunikia jeneza.