Kitanda cha Mama Kinalia

Wahenga walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Kelele za kitanda wakaziacha, labda kwa sababu hizo hazihitaji ukilalie. Anayelala chumba cha pili anazijua kuliko hata mwenye kitanda. Kama umewahi kupanga chumba katika nyumba zetu za Dar es Salaam, zile zenye ukumbi katikati na kuta zisizofika kwenye bati, unanielewa. Humo kitanda kikilia usiku, asubuhi watu wanachekana kwenye foleni ya bafu. Wapo wanandoa wanaoteremsha godoro sakafuni, yaishe.

Lakini kitanda ninachokieleza hapa hakikuwa cha kuchekesha. Alikilalia mama yangu, miaka 72, aliyekuja kwangu kutoka Pangani kwa ajili ya kliniki ya magoti. Tulimpa chumba kimoja na mjukuu wake wa miaka sita, kila mtu na kitanda chake. Wiki ya pili niliamka saa kumi alfajiri kuwahi zamu, nikachungulia. Mama alikuwa chini, juu ya mkeka, kanga moja ameitandika na nyingine amejifunika. Kitandani shuka halina hata mkunjo.

"Joto, mwanangu," aliniambia. "Sakafu ina ubaridi wake."

Ilikuwa Julai. Julai hata Dar watu wanajifunika.

Kazi yangu ni kuuliza watu maswali, na nimeshazoea kupewa sababu badala ya majibu. Kwa mama mzazi, hata hivyo, swali la pili ni gumu. Humwambii mama yako, "Tafadhali fafanua." Aliyefafanua ni mjukuu, akinywa uji: "Bibi anasema kitanda chake kinalia, kitaniamsha, nitasinzia shule."

Basi ndiyo hivyo. Mtu mwenye magoti yaliyosagika alikuwa anateremka sakafuni kila usiku na kuinuka kila alfajiri, kwa kushika mguu wa kitanda na kuuma meno, ili mtoto asikatishwe usingizi. Dawa za kliniki zinajenga mchana, mkeka unabomoa usiku.

Nilimpigia fundi mmoja wa Keko, mahali ambapo ukipita barabarani unaona vitanda na makabati yamepangwa hadi karibu na lami. Nilitaka aje. Akacheka. "Dada, kitanda kulia si ugonjwa wa kumwita fundi. Vua godoro, kaza nati, tafuta panapocheza. Na usije ukamwagia mafuta ya kula. Mbao inayanywa, halafu vumbi linaganda."

Maneno yake yalinifanya nitake kuelewa mlio wenyewe. Mbao haina sauti yake. Kinacholia ni vitu viwili vilivyobanana kiasi, lakini havikubanana sawasawa. Ukijigeuza vinasuguana: vinashikana kidogo, vinateleza, vinashikana tena, mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, na mbao zilizobaki zinaukuza mtetemo huo. Fidla ya taarab hulia kwa kanuni hiyohiyo. Mpigaji hupaka upinde wake utomvu mkavu ili ushike nyuzi kabla ya kuteleza. Sisi tulihitaji kinyume chake, yaani kitu cha kuondoa ule mshiko au kuondoa ule mchezo.

Jumamosi tukaanza. Godoro likatoka kwanza. Ni la sponji, halina springi, na tulipokitikisa kitanda kitupu kililia vilevile. Godoro likaachiwa huru.

Hapo Mama, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti akijifanya hayamhusu, akauliza: "Kinalia kwenye kitakizo au kwenye mfumbati?"

Nilisimama na spana mkononi. Kwangu zilikuwa "mbao za mbele" na "mbao za pembeni". Mama amekulia kwenye vitanda vya kamba, vile vinavyowambwa upya kamba ikilegea, na kila kipande anakijua kwa jina. Miguu ni matendegu. Mbao mbili ndefu za ubavuni ni mifumbati. Zile fupi za kichwani na miguuni ni vitakizo. Upande wa kichwa ni mchago. Baadhi ya maneno haya nilikuwa nayakuta kwenye kamusi tu, na mengine nilidhani yamekufa. Kumbe yalikuwa yamekaa kwenye kiti chumbani mwangu, yananisubiri nimalize kubahatisha.

Tangu hapo kazi ilibadilika. Nilipokuwa na "pale pembeni", nilikuwa na kitanda kizima cha kukagua. Nilipopata majina, nilikuwa na viungo vinne, miguu minne na chaga kumi na tatu. Tukaanza kupunguza.

Matendegu yote yanagusa sakafu: nilipitisha karatasi chini yake na haikupita. Viungo vya miguuni, imara. Viungo vya mchagoni, bolti mbili zilizunguka karibu nusu mzunguko kabla ya kukaza. Si ajabu. Mbao hunyonya unyevu na kuvimba masika, halafu hupungua hewa ikikauka, na hupungua zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Bolti ya chuma haiko kwenye mpango huo. Mbao ikinywea, bolti inabaki na nafasi ya kucheza. Nikaweka washa pana ili nati isiitafune mbao, nikakaza kwa kiasi.

Mama akaketi. Kikalia. Kidogo kuliko mwanzo, lakini kikalia.

Niliinama nikatega sikio kwenye kiungo cha kushoto. "Ni hapa."

"Hapo unasikia mwangwi tu," alisema. "Weka kiganja, acha sikio."

Alikuwa sahihi. Mbao hubeba sauti kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, sikio linadanganyika. Kiganja hakidanganyiki kirahisi hivyo. Tukamwajiri mjukuu. Akakanyaga chaga moja baada ya nyingine, akihesabu kwa sauti, huku mimi nikipapasa mfumbati. Moja, mbili, tatu, kimya. Ya saba ikaguna, na mtetemo ukanijia mkononi.

Fremu ni ya mninga, mbao isiyobadilika sana. Chaga ni za paini, mbao laini. Msumari wa chaga ya saba ulikuwa umepanua tundu lake. Kila ulipoweka uzito, chaga ilishuka kwenye msumari, na ulipoinuka ikapanda nao. Chuma cha msumari kilikuwa kinang'aa pale kiliposuguliwa, wakati mingine yote ina kutu. Tuliung'oa. Tukaweka chini ya chaga kipande cha tyubu ya baiskeli, tukafunga skrubu pembeni ya tundu la zamani. Kisha nikapaka nta ya mshumaa mkavu kila mahali chaga zinapokutana na mfumbati, na kwenye nyuso za viungo. Gharama yote: skrubu chache, mshumaa mmoja, na tyubu ya bure kutoka kwa fundi baiskeli wa mtaani.

Mama akaketi. Akainuka. Akaketi tena, safari hii kwa makusudi, kwa kishindo. Kimya.

Hakunishukuru, wala hakusema lolote kuhusu zile usiku za mkekani. Wazee wetu wengi wako hivyo. Wanaweza kuumia mwezi mzima kuliko kukwambia kitu chako ni kibovu, kwa sababu kwao mgeni hasemi kasoro za nyumba, hata nyumba hiyo ikiwa ya mtoto aliyemzaa. Nadhani hilo ndilo lililoniuma kuliko magoti, kwamba alikuwa anajihesabu mgeni.

Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mama alikuwa ameshika jembe lake siku ile. Jumatatu nilirudi kazini nikakuta sukari imehama kabati, masufuria yamepangwa upya, na mjukuu anasahihishwa: "Si mguu wa kitanda. Tendegu. Sema." Sukari niliitafuta dakika kumi. Sikuuliza.