Mgonjwa Asiyeugua

Desturi yetu ni kumtambua mgonjwa kwa kikohozi chake, joto la mwili wake na macho yake yaliyolegea. Korona ilitunyang'anya kipimo hicho.

Baina ya Februari na Machi 2020, huko Korea Kusini, watoto na vijana 91 walioambukizwa walitengwa, wakapimwa mara kwa mara. Miongoni mwao 20 hawakuumwa hata kidogo, tangu mwanzo mpaka mwisho. Nadhani walinung'unika sana kwa kufungiwa hali wazima. Walakini athari za kirusi zilionekana mwilini mwao kwa muda wa siku 14 hivi kwa wastani.

Haki inataka niongeze kwamba kipimo kile huona vipande vya kirusi kilicho hai na vya kile kilichokwisha kufa. Kwa hiyo si lazima kila siku katika hizo iwe ilikuwa ya kuambukiza. Lakini ni nani awezaye kuzipambanua siku hizo kwa kumtazama kijana usoni? Hata kijana mwenyewe hawezi.

Machi hiyo hiyo shule za Kenya zilifungwa, wanafunzi wa bweni wakarudi makwao. Nilimwona mmoja kijijini kwetu akimwamkia nyanya yake kwa mbali, chini ya mwembe, mikono nyuma. Bibi kizee alikunjua mikono yake, akangoja, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, nimekukosea nini?" Kijana akainamisha kichwa. Angesema anaumwa nini, naye alikuwa mzima wa afya?