Hilo Si Jino

Mwaka 2009 mdogo wangu aling'olewa gego ambalo halikuwa na shida yoyote. Alikuwa na miaka saba. Shavu la kulia lilikuwa limevimba, jino linacheza, na pale kwenye zahanati ya karibu wakafanya kitu ambacho wengi wangefanya: wakaling'oa. Mathe akamnunulia soda, tukarudi nyumbani. Baada ya wiki moja jino la pili likaanza kucheza. Wakang'oa tena. Shavu likazidi kukua.

Kwetu ni karibu na Ziwa Victoria, upande wa Kisumu. Mtoto akivimba shavu, ni jino. Jino likikataa kupona, kuna jirani ana jicho baya. Shangazi alipokuja kututembelea hakuingia kwenye hiyo mijadala. Alimshika dogo kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango, akamtazama muda mrefu. "Hilo si jino," akamwambia mathe. "Kesho asubuhi anaenda hospitali kubwa."

Huko walikata kipande kidogo cha nyama, wakakipeleka maabara. Siku kadhaa baadaye mathe alirudi na neno moja, analirudiarudia njiani lisije likampotea: Bakiti. Mimi nilikuwa na miaka 11. Nilidhani ni jina la mdudu.

Kumbe ni jina la mtu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alikuwa na jicho moja tu, lingine alilipoteza akiwa mtoto. Utafiti wake niliupata nikiwa chuo, enzi kadi yangu ya maktaba bado inafanya kazi. Chuo niliacha. Hiyo faili bado iko kwenye simu.

Mwaka 1957, pale Mulago, Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amwone mtoto aliyevimba taya juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuelewa anaangalia nini. Kama ni usaha wa jino, mbona pande zote nne? Wiki chache baadaye akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Angeweza kuendelea na shughuli zake. Badala yake akaanza kufukua rekodi za zamani, na ndani yake walikuwemo watoto wengine: huyu taya, yule tumbo, kila mmoja ameandikiwa ugonjwa wake. Akaona ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akachapisha makala yake katika jarida la upasuaji la Uingereza.

Kitu ninachokipenda kwenye hiyo makala ni kwamba jina la ugonjwa alilikosea. Aliuita sakoma. Wataalamu wa maabara pale Kampala, Gregory O'Conor na Jack Davies, ndio walioonyesha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya zile chembe za damu zinazotulinda kama askari. Burkitt alikubali, akaendelea na swali lake: kwa nini hapa na si kule?

Akatuma picha za watoto wagonjwa kwa hospitali za Afrika, akiuliza nani ameona kitu kama hiki. Kisha 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari kuukuu wakasafiri wiki 10, kama kilomita 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ramani ilipokamilika, ugonjwa ulikuwa umefuata joto na mvua. Karibu na ikweta, ukipanda zaidi ya mita 1,500 hivi, unapotea. Kisumu iko mita 1,100 na kitu. Chumba ninachokodi Nairobi kiko juu ya mstari. Kitanda alicholala mdogo wangu kilikuwa chini yake, pamoja na mbu wote.

Kwa sababu mbu wamo kwenye hii hadithi. Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na Anthony Epstein alikuwa amekaa anasikiliza. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kirusi walichokikuta ndani, ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Karibu kila mtu duniani anacho na hakimfanyi kitu. Lakini kwa mtoto anayeugua malaria kila mara, ulinzi wa mwili unachoka, na njia ya saratani inafunguka.

Kisu cha Burkitt hakikufua dafu mbele ya uvimbe unaokua kwa kasi hivyo. Kilichofanya kazi ni dawa. Yeye akiwa Kampala na Peter Clifford akiwa hapa Nairobi, walishangaa kuona uvimbe ukiyeyuka ndani ya siku chache. Hii ni kati ya saratani za kwanza kabisa kuponywa kwa dawa peke yake. Leo kwenye nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wanapona.

Sasa, hiyo kasi ndiyo ilikaribia kutuponza. Baada ya dozi ya kwanza, shavu la mdogo wangu lilishuka kama mpira uliotobolewa. Alikula ugali. Alicheka. Mathe akaanza kufunga nguo kwenye mfuko wa plastiki. Kitanda cha pili, baba mmoja alikuwa tayari amembeba mwanawe mgongoni, anashukuru kila mtu wodini.

Sista akamsimamisha mathe mlangoni. "Mama, uvimbe umejificha. Haujaenda. Ukimtoa leo, utarudi naye."

Mathe akafungua mfuko. Ng'ombe wawili waliuzwa, wa tatu akafuata, na dripu zikaisha zote. Yule mtoto wa kitanda cha pili alirudi baada ya miezi miwili akiwa na tumbo gumu kama jiwe. Hakukaa wiki. Simlaumu baba yake. Alikuwa ameangalia mara moja, na mara hiyo moja alichokiona kilikuwa kweli: mtoto amepona shavu.

Mdogo wangu sasa anaendesha boda. Upande wa kulia ana mapengo mawili ambayo wasichana, kwa maelezo yake, wanayapenda. Habari za Burkitt hazimsumbui. Nikianza, ananikata: "Huyo mzee si alishakufa?" Ndiyo, 1993.

Lakini mwezi uliopita alinipigia saa nne usiku. Mtoto wa jirani amevimba shavu, wanataka kumpeleka kung'olewa jino. Amewaambia wasubiri. Akatuma picha mbili, ya mbele na ya upande, bila mimi kumwambia. Nikamwambia mimi si daktari, wampeleke hospitali kubwa. Alfajiri akawabeba yeye mwenyewe, bila nauli.

Mchana akanitumia meseji. "Safari hii ni jino tu."