Akiba ya Moyo

Lugha yetu ina majina kadhaa ya kile kilichomo ndani ya mtu kisichoshikika kwa mkono. Tuna moyo na mtima, maneno ya asili; tuna roho na nafsi, yaliyokuja na Kiarabu yakakaa hata yakawa wenyeji. Aliyejawa na huzuni twasema moyo wake mzito. Aliyekabili jambo gumu kapiga moyo konde. Mwenye hofu, roho i mkononi. Washairi wa Pate na Lamu walikwenda mbali zaidi ya misemo hii: wao waliusemesha moyo wenyewe, wakauweka mbele yao kama mwana anayefundwa.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, takriban miaka 200 iliyopita, aliutunga Al-Inkishafi kwa njia hiyo. Anaukanya moyo wake, anaubembeleza, anaukasirikia, kisha anauongoza akiuonyesha majumba ya Pate yaliyobomoka: zidaka zilizopambwa kwa sahani za kaure sasa zimelaliwa na makinda ya ndege, na kumbi zilizong'ara kwa taa zimekuwa kiza. Aghalabu twausoma utungo huu kama habari ya mji uliokufa, na kwa hakika habari hiyo imo. Lakini tukiuondoa mji, kinachobaki ni mtu aliyekaa peke yake akiutibu moyo wake kwa maneno yenye vina na mizani, mpaka umsikie.

Mizani hiyo ndiyo niliyokuja kuifahamu kwa mamangu.

Kiharusi kilimshika mwaka 2011, alfajiri moja ya msimu wa kaskazi. Upande wa kulia ukalegea na ulimi ukafungika. Tulimvusha kwa mashua hadi Mokowe, tukashika njia ndefu ya Mombasa. Madaktari walifanya yao, nawaombea kheri. Baada ya wiki chache tukarudi naye nyumbani, na vidonge vya presha, na agizo la kumnyoosha mkono na mguu kila asubuhi. Usemi haukurudi. Mama hakuweza kuomba maji. Alikiangalia kikombe, akaniangalia mimi, midomo ikatikisika, likatoka neno lisilokuwa maji wala kikombe, naye akajua kuwa silo. Hapo ndipo alipokuwa akilia. Jina langu, alilonipa yeye mwenyewe, lilimpotea.

Usiku mmoja wa kuamkia Ijumaa, msikitini jirani walianza kusoma ratibu, ile ya Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, aliyefariki mwaka 1720 na ambaye nyiradi zake zilivuka bahari na Mahadhrami hata zikawa sauti ya jioni katika miji yetu. Dirisha lilikuwa wazi. Nikasikia nyuma yangu mtu akiitikia. Alikuwa Mama. Maneno yalitoka kamili, neno kwa neno, hayana kigugumizi, na kila yaliporudiwa mara tatu naye aliyarudia mara tatu.

Waliosomea maradhi haya wanalijua jambo hili: mtu aliyepoteza usemi kwa kiharusi mara nyingi husaliwa na aliyoyakariri tangu utotoni, kama kuhesabu, dua na nyimbo. Kwa hiyo sikusema kuwa ni muujiza, wala sikuhitaji uwe muujiza. Kilichonishughulisha ni uso wake. Ratibu ilipokwisha, kile kidole cha mkono mzima alichokuwa akikisugua kutwa kilitulia juu ya shuka. Usiku ule alilala mpaka adhana.

Tangu hapo nikawa nikimwanzia. Nikisema mshororo wa kwanza wa ubeti wa Mwana Kupona, yeye alichukua wa pili na wa tatu, na kile kina cha mwisho, kinachorudi kila ubeti tangu mwanzo hata tamati, alikitamka kwa nguvu kama mtu anayefunga mlango. Msomaji anayezijua tenzi atanielewa. Mizani minane ni pumzi moja ya mtu asiye na haraka. Mgonjwa hawezi kuamrishwa apumue polepole. Lakini ukimpa utenzi, utenzi utampumzisha.

Nikajiuliza maneno yale yaliingiaje humo hata maradhi yasiweze kuyatoa. Jibu nililiona kwa macho yangu miaka yote niliyokaa naye, nisilipe jina. Baada ya sala ya alfajiri Mama hakusema na mtu mpaka uradi wake utimie, tasbihi ikipita vidoleni huku chai ikichemka. Ukimwita, aliinua kiganja: ngoja. Alasiri alikuwa na wenziwe, wanawake wanne watano barazani, mmoja akisoma na wengine wakishona kofia. Anayekosea mshororo husahihishwa kwa kicheko. Siku za ugomvi wa nyumbani, na ulikuwapo, hakulala mpaka aliyekosana naye amepelekewa japo bakuli la uji. Alisema kinyongo kikilala ndani, asubuhi huamka na watoto. Na wagonjwa wa mtaa wote aliwajua vitanda vyao. Hayo yote hakuyaita afya ya roho. Angelisikia jina hilo angeuliza linauzwa duka gani.

Nami nauliza hivyo hivyo. Siku hizi utulivu umekuwa bidhaa: katika simu kuna sauti za kukuliwaza usinginzie, na kuna wahadhiri wanaoahidi furaha kwa siku saba. Siwakatazi watu. Ila naona wengi wetu twaenda kutafuta maneno siku ile moyo umeshapasuka, na siku hiyo moyo hauna nafasi ya kupokea jambo jipya. Mama aliweka kidogo kidogo kwa miaka sitini, siku ambazo hakuwa na haja.

Kuna bibi mmoja aliyekuja kumtazama, akamkuta analia. Alipotoka alinivuta ukumbini akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwenye imani timamu haliii maradhi, na kwamba nimchunguze Mama, huenda kuna alilolifanya. Nilimpa kahawa, kwa kuwa ni mgeni. Lakini neno lile lilinichoma, na bado nalisikia likisemwa juu ya watu wengine, hasa wale wenye huzuni isiyokuwa na jeraha la kuonekana. Huambiwa waongeze sala, kana kwamba sala ni mtihani walioanguka.

Na awarudie basi wale anaowasifu. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyeutunga utenzi wake mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, mjane wa mtawala wa Siu, na mwenyewe anatueleza kuwa maradhi yake yametimiza mwaka mzima. Alimwita binti yake aje na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni mna la kusema. Wosia wake anauita hirizi ya kufungwa kwa uzi. Zaidi ya beti 100 alizitunga akiwa katika hali hiyo, na ndani yake anamwomba Mungu amponye, wazi wazi, bila ya kuona haya ya kuumwa. Miaka miwili baadaye alifariki. Nani atathubutu kusema imani yake ilipungua?

Mama naye aliumwa akiwa mzima ndani. Vidonge alivimeza, mguu tuliunyoosha, machozi yalitoka, na uradi ulisomwa, kila kimoja kwa saa yake. Uradi haukumrudishia neno maji. Ulimpa mahali pa kukaa kati ya dhiki na dhiki, na sisi tuliokuwa tukimuuguza tulikaa humo pamoja naye. Mwaka wa pili nilikuwa nimechoka hata nikawa nasahau kula. Nilichokingojea kutwa ni ile saa ya magharibi, nikianza ubeti naye akaudaka. Sauti yake ilikuwa imekwaruza, na mimi sikuwa na sauti ya kusifika. Ndugu yangu akipita nje ya mlango alikuwa akivua viatu, akaingia kimya, akakaa juu ya mkeka.

Alifariki mwaka 2013, mwezi wa Shaabani. Siku tatu za mwisho hakusema lolote, ila kidole gumba kiliendelea kwenda juu ya shahada, kikihesabu.

Mimi nimeanza na Mwana Kupona. Nimefika ubeti wa 64. Nausoma asubuhi kabla ya kufungua simu, na mjukuu wake wa miaka tisa, anayesubiri gari la shule, amekwisha kuzishika beti kumi bila ya kufundishwa. Kiamu cha kale kinamchekesha. Juzi aliniuliza maana ya neno moja. Sikuwa na hakika, nikamwambia twende tukaulize kwa wale wa barazani. Wamebaki wawili.