Ustadhi, Nimpeleke Kijana Akasome Kompyuta?



Ndugu wazazi, nanyi wanafunzi wangu, swali ninaloulizwa zaidi baada ya darasa hapa Lunyo si la fiqhi wala la tajwidi. Mzazi hunivuta pembeni akasema, "Ustadhi, kijana amemaliza shule. Nimpeleke akasome kompyuta?" Nimelisikia kwa zaidi ya miaka ishirini, na leo napenda kulijibu.

Mimi ni miongoni mwa walioiona kompyuta wakiwa wakubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tuliokuwa na hamu hiyo tulikwenda Busia mjini. Tulikaa watatu kwa mashine moja: mmoja anachapa, mmoja anamsomea maneno, wa tatu anangoja zamu. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kazi yote imekwenda. Tulibeba kazi zetu kwenye diski laini, ambayo haikufikisha hata megabaiti moja na nusu; picha moja ya simu ya leo aghalabu haiingii humo. Mwishoni tukapewa vyeti, na wapo wazazi waliouza mbuzi ili kulipia cheti kile.

Wakati huohuo, kule Nakaseke, kituo cha mawasiliano cha kijiji kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1999 kwa msaada wa UNESCO na mashirika mengine. Mwaka 2001 ikaletwa pale diski ya kuwafundisha akina mama wa vijijini namna ya kujipatia kipato, kwa sauti ya Kiluganda na picha, hata asiyejua kusoma aweze kufuata. Tazameni tofauti, ndugu zangu. Sisi tulifundishwa mashine. Wale akina mama walifundishwa riziki yao kwa njia ya mashine.

Hapa mpakani tuna ushahidi wetu wenyewe. Vijana wengi waliojua kuchapa walipata kazi kwa mawakala wa forodha, wakijaza hati za mizigo ya malori. Ilikuwa kazi ya heshima. Kisha mwaka 2014 nchi zetu zikaanza utaratibu wa eneo moja la forodha, na mzigo mwingi wa Uganda ukawa unakamilishiwa hati na kodi kukiwa bado Mombasa. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kikazinduliwa rasmi Busia, lori likawa linasimama mara moja badala ya mbili. Kwa wafanyabiashara ilikuwa nafuu. Lakini kwa kijana aliyejua kubonyeza tu, meza yake ilipungukiwa na kazi.

Nani walibaki? Kwa niliowaona mimi, ni wale waliojua hesabu, wakaielewa sheria ya kodi, wakaweza kuandika barua iliyonyooka, na mteja akawaamini na fedha zake. Kompyuta ilibadilika mikononi mwao mara nyingi, nao wakajifunza upya kila mara, kwani msingi walikuwa nao.

Hivyo basi jibu langu ni hili: ndiyo, mpeleke, na binti pia mpeleke. Lakini kabla ya kulipa, uliza mambo matatu. Je, kila mwanafunzi ana mashine yake ya kufanyia mazoezi? Je, mwalimu anafundisha kazi fulani, kama vile kutunza hesabu za duka, au anafundisha majina ya vitufe tu? Na waliomaliza mwaka jana wako wapi leo? Mwenye chuo asiyeweza kujibu la tatu, rudi na fedha zako nyumbani.

Nanyi vijana, aya za kwanza kuteremshwa zilitaja kusoma na zikataja kalamu. Kompyuta ni kalamu ya zama hizi. Kalamu haimwandikii asiye na la kuandika, wala haimfanyi mwaminifu asiyekuwa na amana.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.