Programu Zisizopitia Dukani



Katika vikundi vyetu vya chama na vya darsa imeenea WhatsApp iitwayo GB, ambayo haipatikani katika duka la Google. Hutumwa simu hadi simu kama kadi ya harusi, kwa faili liitwalo APK. Simu ya Android hulikataa faili hilo mpaka mwenyewe alifungulie mlango katika mipangilio. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, mlango huo hufunguliwa kwa programu moja moja. Wengi huufungua, wakasahau kuufunga.

Hatusemi kila kilicho nje ya duka ni kibaya. Oktoba 2021 Apple iliiondoa Quran Majeed katika duka lake la China, kwa masharti ya serikali ya huko. Wala duka si kinga kamili: mwaka 2020 iliripotiwa kuwa Muslim Pro, iliyokuwa humo dukani, ilipeleka habari za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya X-Mode. Basi suala ni nani aliyeitengeneza programu, na yataka kuona nini.

Hao wa GB hatuwajui. Mwaka 2021 wataalamu wa Kaspersky walikuta ndani ya FMWhatsApp, ambayo ni ya ukoo huo huo, programu haribifu iitwayo Triada. FMWhatsApp hiyo huomba ruhusa ya kusoma SMS, na kwetu sisi SMS ndimo zinamoingia habari za M-Pesa.

Lakini pesa hurudi. Linalotukera zaidi ni picha. Dada hutuma picha yake ya harusini, kichwa wazi, kwa wanawake wenzake anaowaamini. Simu yake ameilinda, bali picha sasa imo katika simu arubaini. Ikiwa moja kati yazo ina mlango wazi, stara yake imo mikononi mwa mtu asiyemjua, naye hakukosea kitu.

Tena GB hupendwa kwa kuwa humwonyesha mtu ujumbe ambao mwenziwe amekwisha kuufuta. Kwa maoni yetu hiyo ni tajassus, hata ingekuwa programu salama.

Aliyeiweka aiondoe, aweke ile rasmi kwa nambari yake ile ile, kisha aufunge ule mlango wa mipangilio. Mama mmoja alitwambia hawezi, kwani sauti za marehemu mama yake zimo humo. Tulimwambia asifute kitu kwanza. Kijana wake azihamishie sauti hizo katika kompyuta, wakae wazisikilize moja moja mpaka ya mwisho, ndipo aiondoe.